Ugonjwa Wangu Si Woga

Jumatatu, 15 Novemba 1999

Dereva wa basi amefika hapa Rumonge na msafara wa mchana unaosindikizwa na wanajeshi, ana habari njema kutoka Buyenzi, mtaa wa Bujumbura. Ndoa ya Nour itafungwa Jumamosi ya tarehe 27, kabla mwezi wa Ramadhani haujaingia. Binti yangu wa pekee, anayekaa huko kwa ndugu! Nimecheka, nimemshukuru Mungu, nimempa dereva kipande cha sabuni. Kisha akaongeza, bila kuulizwa, kwamba njia ya Bujumbura wiki hii si nzuri. Kuna gari limepigwa risasi huko Muhuta. Lakini misafara inapita tu, akasema, na mimi baba mzazi si lazima nipande nikamuozeshe?

Papo hapo: moyo! Unadunda kama mtu anayetwanga majani ya sombe. Vidole ganzi. Pumzi inaingia nusu, nusu inabaki nje. Nikatafuta pa kukaa, nikakaa juu ya ndoo ya mawese. Ndoo haikuwa na kifuniko.

Ni yule mukeke wa jana. Nilisema ananuka, hakuna aliyenisikiliza! Mke wangu, Mwanvua, akinisugua suruali, amesema kwamba nyumba nzima ilikula samaki huyo huyo na aliyeugua ni mmoja, tena baada ya kusikia neno njia. Nimemuuliza ni lini alisomea udaktari. Alikuwa anacheka.

Jumatano, 17 Novemba

Nimekwenda dispensari. Kwa miguu, mahututi.

Nesi Généreuse ananifahamu kwa sababu sabuni wanayonawia pale ni ya kwangu. Amenifunga kile kitambaa cha tansiyo, cha kupima presha, mkononi, amekijaza upepo, amesikiliza kifua mbele na nyuma. Nilikuwa namwangalia usoni nijue nimebakiza muda gani. Akavua mipira masikioni, akasema: "Muzee, moyo yako iko sawa kabisa. Haiko ugonjwa. Iko woga."

Woga! Mimi! Mimi ninayekoroga soda ya sabuni inayokula ngozi ya mtu, kila siku ya Mungu, bila glavu! Nimemuuliza kama anajua anaongea na nani. Anajua, kasema, na woga si matusi. Ati mtu akiogopa mwili unajiandaa kukimbia hata kama yeye amekaa. Moyo unakimbia wa kwanza, pumzi inaufuata, damu inatoka vidoleni, tumbo linafunga duka. Ati maumivu ni ya kweli, sijifanyi, lakini hayataniua.

Halafu akanifundisha kupumua. Mimi, mtu wa miaka hamsini na kitu! Nyayo ziguse sakafu. Vuta hewa polepole kwa pua, itoe polepole zaidi kwa mdomo, kama mtu anayepoza uji. Akasema yeye mwenyewe hufanya hivyo kila bunduki zikilia huko milimani, maana bila hivyo sindano inamtetemeka mkononi. Nimemhurumia. Nesi mgonjwa kiasi hicho na bado wanamwachia watu awatibu.

Nimejaribu mara moja mbele yake, kwa heshima tu. Moyo ukatulia. Bahati. Nimeondoka bila kusema asante, murakoze yao.

Alhamisi, 18 Novemba

Leo nimepata mtu mwenye akili. Cirhuza, wa kabila la Washi, aliyekimbia kutoka Bukavu, anauza dawa kwenye meza karibu na vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwani. Mlokole. Huombea mkoba wake kabla ya kuufungua. Amenibonyeza tumbo, ameangalia ulimi, amenitaka nikohoe huku nimesimama kwa mguu mmoja. Hakuna dispensari iliyowahi kunifanyia kipimo hicho! Kisha akatikisa kichwa kwa huzuni: "Papa Ramazani, moyo yako imekuwa mukubwa. Inagonga mbavu."

Moyo mkubwa! Nilifurahi hadi nikamkumbatia. Nikamuuliza kama mtu wa moyo mkubwa anaruhusiwa kupanda basi la msafara. Akasema kupanda si shida. Nikamuuliza tena, kwa sauti nyingine. Akasema hapana, ni hatari sana. Amenipa vidonge vya njano.

Saa kumi jioni: mkojo wangu una rangi ya mawese! Nimemwita Mwanvua aje ashuhudie. Amekataa. Baada ya ndoa ya miaka yote hii!

Ijumaa, 19 Novemba

Mpango wangu ulikuwa safi. Nitangaze ugonjwa msikitini baada ya swala, watu wanihurumie, wao wenyewe waseme Ramazani usisafiri. Mtu akikatazwa na umma mzima hajakataa yeye. Kisha watu wa bwana harusi waje wafungie ndoa hapa Rumonge, nyumbani kwangu, wali tele.

Nilisimama. Nikashika kifua. Nikaeleza moyo mkubwa, nikaeleza ganzi, mkojo nikauacha kwa sababu ya mahali. Watu wakasema pole, pole sana. Mzee mmoja akatoa machozi. Ilikuwa inakwenda vizuri mno.

Ndipo sheikh akasema hakuna tatizo. Baba akiwa mgonjwa, anaweza kumpa mtu uwakili, na anayefaa yupo hapa hapa: baba mdogo wa binti, Nuhu.

Nuhu! Mdogo wangu kwa baba, mama mbalimbali, na tangu utotoni kazi yake ni kuchukua changu. Anauza ndagala wakavu, anapanda msafara kila wiki, akirudi anahadithia risasi kama mtu anayehadithia mpira. Sheikh hajamaliza sentensi, mwenzangu ameshasimama! Ametabasamu! Amesema ni heshima kubwa, nisiwe na wasiwasi mimi kaka yake, atamshika bwana harusi mkono na kuyasema maneno yote kwa niaba yangu, tena ana kanzu mpya.

Yaani Nour wangu, niliyembeba mgongoni alipougua surua, maisha yake yote aambiwe aliozeshwa na Nuhu. Moyo umedunda mpaka nimetoka nje kwa viatu vya mtu mwingine.

Jumamosi, 20 Novemba

Nimewaza sana. Nuhu hawezi kuwa wakili wangu kama naye ni mgonjwa. Sitamdhuru, hasha, ni damu yangu. Nitamsaidia tu kuugua.

Nimekwenda dukani kwake. Nimemsalimia, halafu nikanyamaza na kumwangalia usoni kwa muda. Akauliza kuna nini. Nikasema hakuna, hakuna. Rangi yako tu. Akauliza rangi ina nini. Nikasema labda ni kivuli cha paa. Kisha, nikiwa naondoka, nikamshauri ajiguse hapa chini ya taya asikilize, maana babu yetu alianza hivyo hivyo. Babu yetu alianguka kutoka mchikichini, lakini Nuhu alikuwa hajazaliwa.

Amenicheka. Ameniambia nikalale.

Jumapili, 21 Novemba

Nuhu amekuja kwangu, ati kuazima ungo. Ana nyungo zake mbili. Amezunguka, amezunguka, mwisho ameuliza, kama mtu asiyejali, ile ganzi yangu huwa ni mkono wa kushoto au wa kulia. Nikasema inategemea. Yeye wa kwake upi? Ameondoka bila ungo.

Nimekula vizuri leo.

Jumanne, 23 Novemba

Haki iko wapi duniani?

Nuhu yuko kitandani. Hapo ningefurahi, lakini sikilizeni. Amekwenda kwa Cirhuza, Cirhuza wangu, niliyemvumbua mimi! Amepimwa kipimo cha mguu mmoja, na sasa soko zima linasema Nuhu ana moyo mkubwa kuliko wa Ramazani. Mkubwa kuliko! Ati wake umefika mgongoni!

Nimekwenda moja kwa moja mezani kwa Cirhuza kudai maelezo. Nimemkumbusha kwamba mimi ni mkubwa kwa umri na niliugua kwanza. Amesema ugonjwa hauangalii umri, akaanza kuniombea. Nikamwambia anipime upya. Nikakohoa kwa nguvu zangu zote kwa mguu mmoja hadi nikaangukia kichanja cha mwenye ndagala. Bado akasema wa Nuhu ni mkubwa.

Amenyakua uwakili, sasa amenyakua na ugonjwa.

Jumatano, 24 Novemba

Siku mbaya. Naandika kwa mkono wa ganzi.

Asubuhi Nuhu ametuma salamu kwa sheikh kwamba hawezi kusafiri. Nikaona sasa njia ni nyeupe, watu wa Buyenzi watakuja kwetu. Nilikuwa nimeshatuma ombi na dereva. Mchana dereva akarudi na jibu: samahani sana, hawawezi kuja Rumonge, wanaiogopa njia. Wanaogopa! Watu wazima, wanaume wenye ndevu! Nimemwambia Mwanvua kwamba tunampeleka binti yetu kwenye ukoo wa waoga. Ameniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani. Sijui kwa nini.

Dereva alikuwa na neno jingine, la Nour mwenyewe. Amesikia kwamba naumwa. Amesema hatakaa apewe mume na mkono wa baba mdogo, wala wa sheikh, wala wa mtu yeyote. Baba yake asipofika Jumamosi, ndoa isifungwe. Na isipofungwa Jumamosi, Ramadhani ndiyo hiyo, na baada ya Ramadhani nani anajua? Ndugu za kijana tayari wamechoka kungoja. Mara ya kwanza iliahirishwa na msiba wa vita, mara ya pili njia ilifungwa. Mara ya tatu hawatakubali.

Nilijisikia fahari hadi macho yakalowa. Hapo hapo nikaikumbuka njia.

Nikamwambia Mwanvua kwamba ni wazi Mungu hataki ndoa hii. Ndipo akaweka chini mwiko wa sabuni. Hakupiga kelele. Amesema: "Baba Nour, mimi niko naogopa tangu vita ianze. Kila siku. Nikienda kisimani naogopa, ukichelewa sokoni naogopa. Ijumaa nitapanda ile basi na woga wangu. Wewe panda na ugonjwa wako, ao baki."

Nimekasirika sana. Kwanza ametaja woga mara nyingi ndani ya nyumba ya mgonjwa. Pili, nilikuwa sijui.

Ijumaa, 26 Novemba

Naandika Buyenzi. Niko hai. Nitaeleza kwa utaratibu.

Tumefika bariyeri, kizuizi cha wanajeshi, asubuhi na mapema, Mwanvua na woga wake, mimi na ugonjwa wangu. Magari yamejipanga, abiria wanangoja wanajeshi waseme njia imefunguka. Kungoja! Huyu anakula ndizi, yule anasali. Nesi Généreuse naye yumo, anakwenda kufuata dawa za dispensari. Amekaa nyuma yangu. Sikumsalimia. Mwanvua kamsalimia kwa niaba ya nyumba yetu.

Moyo ulianza kabla gari halijawashwa. Nikaweka nyayo chini, nikavuta hewa kwa pua, nikaitoa polepole kwa mdomo. Hii ni njia yangu mwenyewe. Nimeigundua wiki hii. Généreuse akasema kwa nyuma, vizuri hivyo muzee. Nikaacha mara moja. Moyo ukarudi. Nikaendelea kwa siri, mdomo umefichwa ndani ya leso.

Tulipofika Muhuta, mlio wa bunduki. Mlio mwingine. Kutoka mlimani, si mbali. Magari yakasimama, watu wote nje, wote mtaroni. Nililala juu ya Mwanvua, au yeye juu yangu, hatukubaliani. Uso wangu ulikuwa kwenye matope, na nilifikiria jambo moja tu: Nour kakaa ndani na hina yake mkononi, na baba yake haingii.

Kisha kimya. Wanajeshi wakapiga kelele tupande haraka. Na hapo ndipo nilipoona jambo la kutisha. Kila mtu alikuwa nao! Ugonjwa wangu! Mama mmoja anashika kifua, hawezi kupumua. Jitu zima lenye mabega limekunja vidole kwa ganzi. Dereva anatafuta tundu la ufunguo na mkono haufiki, unatetemeka. Msafara mzima ulikuwa na moyo mkubwa. Nilimtazama Généreuse, yeye mwenye kazi hiyo. Alikuwa amefumba macho, midomo myeupe, mikono imekamata kiti.

Nani basi? Mimi. Nikasimama katikati ya basi. Nikapaza sauti: nyayo chini! Vuta kwa pua! Toa kama unapoza uji! Wakanitazama kama mwendawazimu, halafu Mwanvua akaanza, halafu yule mwenye mabega, halafu wote. Basi zima linapoza uji. Dereva akapoza, akapoza, ufunguo ukaingia.

Hatukusimama tena hadi mjini. Généreuse akanigusa bega akasema murakoze cane, muzee. Nikamwambia nafurahi amejifunza kitu.

Lakini ninajilaumu. Yule mama alikuwa mzima kabisa pale bariyeri. Nimewaambukiza watu wasio na hatia.

Jumamosi, 27 Novemba

Imefungwa. Alhamdulillahi, imefungwa!

Chumba kimejaa kanzu. Sheikh wa huko akaniweka mbele ya Hamissi, kijana mwenyewe, magoti yetu yanagusana. Akatuambia tushikane mikono. Mkono wake baridi, umelowa. Wangu baridi, umelowa. Ikatetemeka na sikuweza kujua ni upi unaotetemesha mwenzake. Nikafungua mdomo niseme nimekuozesha binti yangu, na sauti haikutoka. Nikafungua tena. Watu wakaanza kutazamana. Hamissi akaniangalia kama mtu anayezama.

Nyuma ya pazia nikasikia mtu akikohoa kidogo. Namjua yule anayekohoa. Nimemsikia tangu yuko kwenye kanga. Nikaisema yote kwa pumzi moja, kwa sauti kubwa mno, hadi mtoto wa jirani akalia. Hamissi akasema amekubali. Vigelegele!

Nimelia hadharani. Ni moshi wa jikoni. Kulikuwa na pilau.

Ila wa kumwangalia ni Hamissi. Kijana wa umri ule, mkono baridi vile. Nimemwambia baba yake ampeleke akapimwe. Ameniambia mabwana harusi wote wako hivyo. Ukoo huu hauchukui afya kwa uzito.

Jumapili, 28 Novemba

Nour amekuja kutusalimia, kachoka na kapendeza. Tumekaa sisi wawili, Mwanvua yuko nyuma na wenyeji, wanaosha vyungu. Alinishika mkono. Kisha akasema, akiangalia mkeka: "Baba, Ijumaa sikukula. Walisema kuna risasi Muhuta. Moyo ilikuwa inakimbia, vidole sikuvisikia, pumzi ilikataa kabisa. Wakanipaka hina wanafikiri nalilia bwana. Nilikuwa nakulilia wewe. Nikisema wakimuua baba, ni mimi nimemwita."

Nilimvuta kichwa nikakiweka begani kama zamani. Mtoto wangu. Kumbe wakati mimi niko mtaroni namuwaza yeye, yeye yuko ndani ananiwaza mimi. Tulikaa hivyo hadi kanzu yangu ikalowa bega zima.

Kisha nikashtuka. Moyo unakimbia? Vidole ganzi? Pumzi inakataa? Nikamwomba arudie, polepole, kwa mpangilio. Akarudia. Hakuna hata dalili moja iliyopungua!

Ni wa kurithi! Nimempa binti yangu moyo mkubwa! Na Nuhu anao, na mimi ninao, ni ukoo mzima, na yule nesi akaniambia woga! Woga haurithiwi. Baba yangu hakuogopa kitu, alihama kijiji kila akisikia ngurumo kwa sababu ya unyevu.

Nour amejaribu kunieleza kitu hapo, akicheka na kulia pamoja. Nimemkataza asijichoshe na maneno katika hali yake. Nimemgawia vidonge vyangu vya njano, nimemwonya kuhusu rangi ya mkojo. Kesho tunakwenda kumtafuta daktari wa moyo, sisi wawili, na Hamissi tumbebe. Mwanvua amesema msafara wa Rumonge unaondoka kesho hiyo hiyo asubuhi na nafasi zetu zimeshashikwa. Nimemwambia siwezi kusafiri na kumwacha mgonjwa. Na tangu aliposema msafara, mkono wangu wa kulia hauna hisia. Ni pilau ile, niliionja na kusema ina mafuta mengi. Hakuna aliyenisikiliza!